Kununua au Kukomboa? Neno juu ya Dhamiri katika Misioni Zetu za Kwanza

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari nyingi za kufurahisha: makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopadrishwa, shule na hospitali zilizofunguliwa tangu Jimbo letu la Morogoro lilipowekwa mwaka 1953, na hata zamani kabla yake. Ni haki kuyasimulia hayo. Lakini jubilei, kama tunavyosoma katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, ilikuwa mwaka wa kuwaacha watumwa huru na kuwarudishia watu mashamba yao. Haifai basi kuiadhimisha hapa chini ya milima ya Uluguru bila kuwakumbuka wale waliokuwa Wakristu wa kwanza wa nchi hii. Wengi wao hawakuja misioni kwa miguu yao wenyewe wakiitafuta dini. Walinunuliwa.

Nimeliandika neno hilo makusudi, maana ndilo lenye shida. Mababa walisema «tumewakomboa». Yule mfanya biashara aliyepokea fedha alisema «nimewauza». Fedha ilikuwa moja, na mtoto alikuwa yule yule. Je, tendo lilikuwa moja au mawili? Hilo ndilo swali la dhamiri lililosimama mlangoni pa Kanisa letu siku lilipozaliwa, na sidhani kwamba tumekwisha kulijibu.

Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa. Mwaka 1841 Padre Francis Libermann alianzisha shirika lake kule Ufaransa kwa ajili hasa ya watu weusi waliotoka utumwani, katika visiwa vya Réunion na Morisi na katika nchi ya Haiti. Mwaka 1848 shirika hilo likaunganishwa na lile la Roho Mtakatifu. Mapadre wa kwanza wa zama hizo kufika Unguja walitoka Réunion mwaka 1860, wakiongozwa na Padre Armand Fava. Mwaka 1863 kazi ikakabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka bahari wakafungua misioni ya Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa likiendelea mchana kweupe, na mapadre wakaenda sokoni. Waliowanunua mara nyingi walikuwa watoto, na katika hao wengi walikuwa dhaifu au wagonjwa, ambao wanunuzi wengine hawakuwataka kwa bei kubwa. Sehemu ya fedha ilitoka katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo watoto wa Ulaya walilichangia senti zao ili watoto wa nchi za mbali waokolewe. Watoto wale wakapelekwa Bagamoyo, wakafundishwa dini na kazi za mikono. Walipokuwa wakubwa wakaozwa, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristu.

Kukomboa mateka kwa fedha si jambo jipya katika Kanisa. Katika karne ya nne Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili kuwakomboa mateka, na alipolaumiwa akajibu kwamba Kanisa lina dhahabu ili liwasaidie wahitaji, si ili liitunze. Katika karne ya tano Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya kaskazini, alimwandikia rafiki yake Alipio juu ya wafanya biashara waliokuwa wakiwapakia watu merikebuni katika bandari ya mji wake wa Hippo. Waumini wake wakawaokoa watu wapatao 120. Barua hiyo ilipotea macho kwa karne nyingi, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1981 tu. Agostino anataja jambo ambalo mtu wa Uluguru akilisoma lazima amkumbuke babu yake: katika watu wale wote, waliouzwa na wazazi wao wenyewe walikuwa watano au sita hivi, waliosalia wote walikamatwa. Baadaye, mwaka 1198, Mtakatifu Yohane wa Matha alianzisha shirika zima la watawa kwa kazi ya kukomboa mateka. Basi mapadre wa Unguja walikuwa na njia iliyokwisha kukanyagwa na watakatifu.

Hata hivyo njia ya watakatifu nayo ina mawe. Mateka wa vita akisha kukombolewa, vita hupita. Soko halipiti. Mtu akinunua leo, muuzaji anapata faida, na faida ya leo ni mtaji wa safari ya kesho: baruti, nguo, ushanga, na kurudi tena Ukami kutafuta watu wengine. Padre aliyetoa fedha ili kumtoa mtoto mmoja katika minyororo aliweza, asipende wala asijue, kuwa amelipia minyororo ya mtoto wa pili. Waingereza walilitatua jambo hili kwa sheria: tangu mwaka 1843 raia wao alikatazwa kununua mtumwa popote duniani, hata kwa nia ya kumwacha huru. Kwa hiyo misioni ya Kianglikana ya Unguja ilianza na watoto walionyang'anywa katika majahazi, ambao Sultani Majid aliwapa mwaka 1864. Mikono yao ilikuwa safi zaidi, lakini mtoto aliyesimama sokoni asubuhi ile hakupata faida yo yote kwa usafi wa mikono hiyo.

Elimu ya maadili waliyosomea mapadre wetu seminarini ilitoka zaidi kwa Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, aliyefariki mwaka 1787 na kutangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1871. Yeye alifundisha kupambanua namna mbili za kushirikiana na mtenda dhambi. Yuko anayeutaka uovu pamoja naye. Huyo ana dhambi ile ile. Na yuko ambaye tendo lake humsaidia mtenda dhambi, ingawa moyo wake unauchukia uovu wenyewe. Huyo aweza kuwa hana hatia, mradi tendo lake lenyewe si ovu, na sababu yake ni nzito kuliko madhara yanayofuata. Kwa kipimo hicho, kumkomboa mtoto anayekaribia kufa hakukuwa dhambi, kulikuwa huruma. Hapo sina shaka. Shaka yangu huanza pale huruma inapogeuka kuwa desturi, na misioni inapolitegemea soko ili kupata watu wa kijiji chake. Wahenga husema nia njema ni tabibu. Ni kweli, lakini tabibu naye hupima dawa kabla ya kuitoa. Mtume Paulo aliwakemea wale waliosema na tufanye maovu ili mema yapatikane, naye hakuuliza kwanza nia yao ilikuwa njema kiasi gani.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la Unguja. Mwaka ule ule Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, aliizuru Bagamoyo akaisifu sana kazi ya mapadre. Biashara haikufa, ilijificha. Na watu waliookolewa na manowari wakagawiwa misioni mbalimbali, pamoja na Bagamoyo.

Sasa tugeuze macho, tutazame juu milimani na mabondeni kwake, kwa kuwa wengine katika watu hao walitoka huku huku kwetu. Mji wa Morogoro wenyewe una mwanzo wa kusikitisha. Kisabengo, mtu wa Uzigua, alijenga hapa ngome yenye ukuta wa mawe. Stanley aliyepita mwaka 1871 aliusifu ukuta ule, na katika kitabu chake akamtaja Kisabengo kuwa mtekaji wa watu aliyejulikana kila mahali. Mji ukaitwa Simbamwene kwa jina la binti yake aliyemrithi. Karibu na ngome hiyo ndipo mapadre walipojenga misioni mwaka 1882.

Lakini si watu wote waliochukuliwa kwa nguvu na watu kama Kisabengo. Kwa Waluguru, kama kwa jirani zao Wakami, Wakutu na Wazigua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Ukoo ukiwa na deni la damu au la fidia, au njaa ikizidi, mjomba aliweza kumweka mpwa wake rehani kwa mtu mwenye chakula. Rehani si kuuza: ukoo ulikusudia kumrudisha mtoto mavuno yakipatikana. Lakini aliyempokea naye aliweza kuwa na deni lake pwani, na mtoto aliyetoka nyumbani kwa jina la rehani akafika Bagamoyo kwa jina la mtumwa. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walikwenda pwani kuomba chakula, wakapakiwa majahazini hata nchi ya Wasomali. Wajukuu wao kando ya Mto Juba wangali wakisema Kizigua.

Tumwoneje mjomba yule? Ni rahisi kumhukumu mtu tukiwa tumeshiba. Elimu ya Kanisa yatutaka tuangalie mambo matatu katika kila tendo: jambo lenyewe, nia ya mtendaji, na hali zilizomzunguka. Nia yake ilikuwa kuwaokoa watoto wanne kwa kumtoa mmoja. Hali yake ilikuwa njaa. Desturi ya wazee ilimwambia kwamba ana ruhusa. Mtakatifu Toma wa Akwino hufundisha kwamba mwenye njaa ya kufa akitwaa chakula cha mwingine hafanyi wizi, kwa maana katika shida ya mwisho vitu ni vya wote. Lakini mtoto si kitu, wala gunia la mtama, hata awe wa wote au wa mmoja. Jambo lenyewe lilibaki ovu, ingawa hatia ya mtu yule yaweza kuwa ndogo mno mbele ya Mungu. Toma huyo huyo asema kwamba mtu anafungwa na dhamiri yake hata ikiwa imekosea. Tena aongeza kwamba kukosea huko hakumwondolei hatia kila mara, ikiwa aliweza kujua zaidi asitake. Je, mjomba aliweza kujua zaidi? Kilio cha dada yake kilikuwa nyumbani mwake. Nafikiri kilitosha kumfundisha, lakini Mungu ndiye ajuaye.

Twende sasa kwa mtoto, kwa maana mara nyingi katika historia hizi husemwa habari ya waliomtoa na waliompokea, na yeye mwenyewe hubaki kimya.

Mwaka 1870 Padre Horner alikuwa amekwisha kusafiri hata Ukami kuitazama nchi. Mwaka 1877 misioni ya kwanza ya bara ikafunguliwa Mhonda, katika milima ya Unguu. Mapadre hawakwenda peke yao. Walikwenda na vijana Wakristu waliooana, waliolelewa Bagamoyo, wakapanda nao kijiji kipya kama mtu apandavyo mche. Zikafuata Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, Tununguo mwaka 1884. Vijana hao walifyeka mwitu, walichoma matofali, walilima, walisali. Kengele iliwaamsha na kengele iliwalaza. Walikuwa na shamba lao, na pia kazi ya shamba la misioni. Ruhusa ya kusafiri, kuoa na kuhama ilitoka kwa padre. Wengine waliridhika. Wengine walinung'unika, tena waziwazi, juu ya kazi na juu ya ndoa. Na wengine walitoroka usiku, kama habari za misioni zenyewe zinavyosimulia. Mapadre walihuzunika sana. Mara nyingi waliwaona waliotoroka kuwa watu wasio na shukrani, waliorudia dhambi za zamani.

Hapa mimi naona jibu la lile swali la mwanzo. Kwa siku moja tu, siku ya sokoni, hatuwezi kutofautisha ununuzi na ukombozi, fedha haisemi. Tofauti huonekana baadaye, siku yule mtoto amekuwa mtu mzima naye akataka kusema «hapana». Ikiwa aweza kuondoka, basi alikombolewa kweli. Ikiwa hawezi, amebadilishiwa bwana, hata kama bwana mpya ni mwema kuliko wa kwanza na anamwombea kila asubuhi. Fadhila nayo ndivyo ilivyo. Walimu wa Kanisa wote wasema fadhila ni mazoea mema ya moyo unaochagua; anayesali kwa kuwa hana mahali pengine pa kwenda hatujui bado kama anasali. Waliotoroka hawakuwa wenye dhambi wote. Huenda wengine katika hao walikuwa watu wa kwanza katika misioni zetu kuitumia dhamiri waliyofundishwa.

Na kuondoka kulikuwa kugumu kuliko tunavyodhani, hata pale ambapo mlango haukufungwa. Uluguru ardhi ni ya ukoo, yaani lukolo, na ukoo ni wa mama. Mtu asiyejua mama yake ni wa lukolo lipi hana mahali pa kulima, hana wazee wa kumsimamia katika ndoa, hana makaburi. Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka mitano angemwendea nani? Jina la kijiji chao pengine alilikumbuka, jina la ukoo pengine hapana. Wangemwuliza: wewe ni wa nani? Na angejibu: mimi ni wa misioni. Jibu hilo lilikuwa la kweli, nalo lilikuwa na uchungu ndani yake.

Kuna jambo dogo la lugha lipasalo kukumbukwa hapa. Maneno yenyewe ambayo kwayo watoto hao walifundishwa kuchunguza mioyo yao, dhambi, toba, thawabu, fadhila, dhamiri, yalitoka kwa Waarabu kwa njia ya Waislamu wa pwani. Dhamiri maana yake katika Kiarabu ni kile kilichofichika ndani. Padre Charles Sacleux, aliyefika Unguja mwaka 1879 na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939, aliyakusanya kwa uangalifu mkubwa. Mtoto yule alijifunza jina la dhambi katika lugha ile ile iliyotumika kumpigia bei. Hata hivyo neno lilikuwa jema, likafanya kazi. Katika kitubio aliulizwa yeye, kwa jina lake, alifanya nini na kwa nini. Na huenda hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo tangu alipotoka kwao. Anayeulizwa «kwa nini ulifanya» amekwisha kuhesabiwa kuwa aliweza kutofanya. Kwa maoni yangu, pale penye kitubio ndipo ukombozi ulipofanyika, zaidi kuliko sokoni.

Mwaka 1897 misioni ya Matombo ikafunguliwa katika milima yenyewe, na mambo yakageuka. Huko mapadre waliwakuta watu ambao hakuna aliyewanunua. Walikuwa na wajomba wao, mashamba yao na matambiko yao. Wakitaka walikuja, wasipotaka walikaa kwao, na padre hakuwa na kengele ya kuwaamuru. Shida ya dhamiri ikawa ya namna nyingine. Mkristu aliyeitwa na ukoo kwenda kwenye tambiko la wazee alikuwa na amri mbili masikioni mwake, na wengi walizitimiza zote mbili, moja mchana na moja usiku. Mapadre walikataza yote kwa pamoja. Leo tunajua kupambanua zaidi kati ya kumwabudu asiye Mungu na kumheshimu mama aliyekufa. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake wala asizuiwe kuifuata katika mambo ya dini, mradi haki za wengine zisivunjwe. Ni vema tusiwadharau wazee wetu waliokwenda usiku. Walikuwa na jambo ambalo wale wa kijiji cha Mhonda hawakuwa nalo: mahali pa kwenda.

Sheria ziliendelea polepole. Papa Leo wa 13 aliandika barua kali juu ya utumwa mwaka 1888, na mwaka 1890 akaagiza mchango wa kila mwaka kwa ajili ya kuukomesha Afrika. Serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa. Iliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa chini ya Waingereza, mwaka 1922.

Lakini kwa watu wa misioni ya Morogoro naona mwaka mwingine ulikuwa na maana zaidi, nao ni 1907, reli kutoka Dar es Salaam ilipofika mjini. Mtu asiye na ukoo hapati shamba Uluguru. Kazi ya reli, ya mashamba ya wazungu na ya mjini haikumwuliza ukoo wake. Tangu siku ile aliyelelewa na misioni aliweza kufunga mzigo wake asubuhi, akashuka hata stesheni, akatafuta kazi ya mshahara kama mtu ye yote, bila kumwomba mtu ruhusa. Waliotaka kwenda walikuwa na njia. Na wale ambao baada ya hapo waliendelea kupanda kilima siku ya Dominika hata kanisani, hao hatuna haja ya kuuliza tena walikuja kwa fedha ya nani.